Nani Ana Njaa Ndani ya Dainess

Januari 14

…palepale nyuma ya mafiga, ameupa mlango mgongo, anaramba ukuta. Nikasema, Dainess. Hakugeuka. Anaramba kama ndama anavyoramba chumvi, kidole kinachimba, ulimi unafuata, hana haraka. Kumbe lile shimo nililokuwa nawasingizia kuku ni lake.

Methodi, mbona kalamu imesimama? Andika. Yule dada wa lishe aliyekuja kwenye mkutano wa kijiji alisema kila mlezi aweke kumbukumbu, mtoto kala nini, kafanya nini, na mimi kalamu sijui hata inashikwa upande gani. Wewe umekuwa katekista miaka yote ile, umewasomea watu wa Kichiwa masomo mpaka wakasinzia, sasa niandikie mimi. Nitasema, utaandika. Usichague. Ukianza kuchagua utaandika ya kwako.

Haya. Dainess ni mjukuu wetu, ana miaka mitatu. Baba yake anaitwa Masumbuko, yuko Manda huko ziwani anavua, anatuma usipa, wale dagaa wa ziwani, mwenyewe haji. Mama yake alikuwa Konsolata wetu. Huyo yuko kule juu makaburini, penye misindano.

Konsolata alipokuwa na mimba ya pili alikuwa anakula udongo. Ukuta huuhuu. Hakuna aliyeshangaa, wajawazito wangapi wanakula udongo, si sokoni Makambako unauzwa umepangwa mafungu kama karanga? Siku ya kujifungua damu ikatoka, haikuwa nyingi kama ninayoijua mimi niliyezaa sita, lakini daktari alitoka akasema mama huyu hakuwa na damu ya kumwagika. Na mtoto akaenda naye. Tangu hapo nikiona mtu ana udongo mdomoni, namwona Konsolata.

Nilimfuta Dainess ulimi kwa pindo la kitenge. Ulimi wake ni mweupe. Andika hivyo, mweupe, siyo wa pinki.

Januari 15

Mvua. Ugali na maharage. Kala matonge mawili, la tatu akalishika mkononi mpaka likapoa.

Januari 21

Leo dada wa lishe kaja mpaka nyumbani. Anaitwa Anneth, katoka Njombe na pikipiki, kavaa sweta jekundu na viatu vyeupe, viatu vyeupe Kichiwa mwezi wa kwanza, nikasema moyoni huyu hata mama yake hakumwambia. Nikamuuliza ana watoto wangapi, akasema bado. Basi nikajua kaja kufundishwa.

Akatoa utepe wa rangi akamfunga mtoto mkononi. Ukasoma kijani. Nikamwambia, umeona, kijani. Hapa kwetu hakuna njaa, mahindi yapo darini, viazi vipo, kabichi tunawapa nguruwe, parachichi zinaondoka na malori. Akamlaza mtoto kwenye ubao akampima urefu, akatikisa kichwa. Akamvuta kope la chini, akamfungua viganja, akaviweka karibu na vyangu. Vyangu ni vya mkulima, vyeusi kwa nyufa, lakini katikati vina wekundu. Vya mtoto vilikuwa kama unga.

Akasema, "Bibi, huyu mtoto anashiba, lakini ana njaa."

Nikamwambia, mwanangu, hilo neno limegawanyika, lishike upande mmoja. Mtu akishiba hana njaa. Huyu tumbo limejaa, mdomo unakataa, na tangu azaliwe hajawahi kuniambia bibi nina njaa, hata siku moja. Watoto wa wenzangu wanalia njaa mpaka unawachapa, huyu ni kubembelezwa kila tonge. "Sasa mwenye njaa ni nani?"

Akasema, "Ni damu yake, bibi."

Nikamuuliza damu ina mdomo wapi. Akacheka kidogo, lakini hakunicheka mimi. Akasema ndani ya chakula mna vitu vidogo, vidogo kuliko unga, kuliko moshi, hata ukisaga mashine nzima huvioni, na mwili ndivyo unavyovitafuta. Ugali ni gunia tu, akasema, mwili unatafuta kilichomo. Na damu inatafuta chuma.

Nikamwambia chuma kipi. Akasema, "Chuma, bibi. Kama cha jembe."

Hapo nilicheka mimi. Wewe Methodi hukucheka, ulikuwa unatazama mlango. Anneth ameondoka, kaacha maneno yake hapa sebuleni kama mgeni aliyesahau mwavuli. Nikaenda nyuma kulitazama jembe langu. Lilinunuliwa mwaka ule mwanetu Elius anaanza darasa la kwanza, lilikuwa pana, linafunika sufuria. Sasa limebaki kama kijiko, upande wa kushoto limekwisha kabisa. Nikajiuliza, kile chuma kimekwenda wapi? Hakikuanguka, ningekiona. Kimeliwa kidogokidogo na shamba. Udongo umekula jembe langu, na mtoto anakula udongo.

Sikupenda kuwaza hivyo. Nililirudisha jembe nikaliegemeza uso ukitazama ukuta.

Januari 28

Zahanati. Daktari Jastin kamtoboa kidole. Damu ilitoka kwa shida, imepauka kama juisi iliyoongezwa maji. Akasema ni ndogo, lakini dawa ipo. Akanipa ya minyoo, akanipa na chupa ya maji meusi ya kuongeza damu, kifuniko kimoja kila siku. Akasema nimpe na maji safi, yaliyochemka, nisikose hata siku moja.

Mimi kukosa? Mimi niliyelea sita na kuzika mmoja? Sikosi.

Dawa ile inanuka kama msumari uliolowa. Mtoto kaitema. Na nje kunanyesha, ubaridi huu wa kwetu unaujua, maji matupu ukimpa mtoto asubuhi unampa kifua. Nikammiminia chai, ya moto, ina sukari, majani ya Elius. Kanywa dawa na chai juu yake, kalamba na midomo. Nimefurahi.

Februari 2

Mvua ya mawe. Mahindi ya bondeni yamelala. Dawa kanywa yote, na chai.

Februari 3

Dawa kanywa. Na chai. Methodi unasema mbona nakuandikisha kila siku kitu kilekile, nami nakuuliza mbona kanisani unasali Baba Yetu ileile.

Februari 8

Elius kaja. Yeye ni kitindamimba wetu, anafanya kazi kiwanda cha chai upande wa Njombe, kila akija anatuletea majani, yale ya vumbi, yenye nguvu. Mkono wake wote unanukia chai, hata ukimpa mkono kanisani watu wanajua mama Elius kapata mgeni. Kasema, mama, mnywesheni huyu mtoto chai nzito, apate joto. Ndiye mtu pekee anayemfanya Dainess atabasamu. Kambeba mabegani, halafu akamshusha mapema, akaniuliza kwa sauti ya chini mbona anahema wakati aliyekuwa anatembea ni yeye.

Nikamwongezea chai.

Februari 15

Dawa kanywa, na chai. Shimo linaingia ngumi yangu.

Februari 19

Nimepaka lile shimo kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na pilipili kichaa. Nilidhani nimeshinda. Jioni nikamkuta kwenye nguzo ya mlango. Hakuwa analia, hakuwa mtundu, ukimwita anakuja, ukimweka chini anarudi. Kama mtu anayetumwa.

Methodi, naogopa. Andika tu, ni neno moja.

Februari 26

Chupa ya kwanza ya dawa imekwisha. Nimeitikisa, nimeisuuza kwa chai nikampa na ile ya kusuuzia, tone lisipotee. Viganja bado vyeupe. Nimekwenda zahanati peke yangu kuchukua nyingine. Daktari Jastin kaniuliza, anakunywa? Nikamjibu kila siku. Na nimesema kweli.

Machi 5, Jumatano ya Majivu

Hili uliandike polepole.

Kanisani tulikaa mbele, mtoto nimempakata. Padre akapita na kisahani cha majivu, unajua maneno yake, wewe Methodi umeyasikia kuliko mimi. Kumbuka, mwanadamu, kuwa u mavumbi na mavumbini utarudi. Akanipaka msalaba hapa kwenye paji. Nikafumba macho niseme sala yangu. Nikasikia kitu cha moto na unyevu kwenye paji la uso.

Dainess alikuwa amesimama kwenye mapaja yangu, ameshika masikio yangu mawili, ananiramba majivu.

Karamba mpaka akamaliza. Kisha akatazama paji lako wewe.

Watu walicheka kwa nyuma, mtoto jamani, mtoto. Mimi sikucheka. Kwa sababu padre kasema mavumbini utarudi, na huyu hangoji arudi, anayaita yaje. Hii dawa ningekuwa naona inafanya kazi ningesema ni ugonjwa. Lakini nampa, nampa kila siku, mikono yangu hii, na kila siku anapauka. Ugonjwa unasikia dawa. Kisichosikia dawa siyo ugonjwa, ni kitu kingine, na hicho kingine nimeanza kukijua jina.

Konsolata, mwanangu, kama ni wewe unamwita, mwache.

Machi 6

Sikulala vizuri. Viazi. Dawa, na chai.

Machi 12

Oliva jirani kaja na kikapu cha njegere, tukakaa tunamenya. Oliva namwamini, ndiye aliyemwosha Konsolata. Akamtazama mtoto kwa muda, akasema anajua dawa yake. Alimwona bibi yake mzaa mama akiifanya zamani, kabla ya barabara ya lami. Mtoto aliyeachwa na marehemu akianza kula udongo, ni kwamba anautafuta udongo wa mama yake na hajui uko wapi. Kwa hiyo anaonja huku, anaonja kule. Unampeleka penye kaburi, unamwonjesha mara moja, anatulia.

Nikamuuliza, na wasiotulia?

Oliva akamenya njegere tatu nne. Akasema, "Hao walikuwa wameshaitwa."

Usinitazame hivyo Methodi. Nakuandikisha ilivyokuwa.

Machi 16

Mvua kubwa. Mtoto kalala mchana kutwa. Kope zake zimevimba. Dawa kanywa, na chai. Nilimwamsha kwa nguvu anywe.

Machi 22

Tumerudi leo kutoka Makambako, ndiyo maana siku zimeruka. Kaa vizuri, vuta kigoda, haya ni marefu, na mengine huyajui.

Ilikuwa Jumatatu. Wewe ulikuwa umekwenda kwenye jumuiya. Nilimfunga Dainess mgongoni, nikafunika na kanga mbili kwa sababu ya manyunyu, nikaanza kupanda kule kwenye misindano. Ndiyo. Nilikuwa nampeleka kwa mama yake akaonje. Wewe ni katekista, utaniuliza imani yangu ilikuwa wapi. Ilikuwa inapanda na mimi, inaogopa na yenyewe.

Njia ile inateleza, unaijua. Nilipofika kwenye mawe pale ambapo watu hupumzika na jeneza, nami nikapumzika. Nikanyamaza ili nisikie kama mtoto kasinzia. Na kitu kikaanza kunigonga mgongoni. Mwanzo nilidhani anachezesha miguu. Nikashika miguu yake, imetulia, ya baridi. Na bado nagongwa. Ulikuwa moyo wake, Methodi. Unanigonga hapa kati ya mabega, mbiombio, kama kuku uliyemshika mbawa. Nimebeba watoto maisha yangu yote. Hakuna moyo wa mtoto uliowahi kunibishia hodi mgongoni.

Nikatazama juu, kaburi linaonekana, ule msalaba uliouchonga. Nikatazama chini, barabara inaonekana, malori yanapita kwenda Makambako. Nikasimama pale, sijui muda gani. Nikajiambia, aliye juu hana mapigo, aliye mgongoni anayo. Mwenye mapigo ndiye anayeniita.

Nilishuka kwa matako sehemu nyingine. Barabarani nikasimama katikati, kenta ya viazi ikapiga breki mpaka magunia yakasogea. Dereva alianza kunitukana, akaona uso wa mtoto akafungua mlango. Alitupeleka mpaka hospitali.

Walipompima, yule muuguzi aliita mwenzake aje atazame, na mwenzake akamwita daktari. Hiyo unaijua maana yake. Wakasema damu haitoshi hata kuendesha moyo, ndiyo maana moyo unakimbia, ni kama punda mmoja anayevuta mkokoteni wa punda wanne. Aongezewe leo. Nikampigia Elius simu. Elius kaja na bodaboda toka huko alikotoka, kalowa, ana vumbi la chai kwenye nywele limegeuka matope. Damu zao zikakubaliana. Nilikaa nikaitazama ile damu ikidondoka kwa mjukuu, na nikamtazama mwanangu amekaa kwenye benchi anakunywa soda, sikujua nimwogopee yupi.

Kesho yake midomo ya Dainess ilikuwa na rangi. Akanitazama kama mtu aliyetoka safari.

Sasa sikiliza. Anneth alikuwa Makambako kwa kazi zake, kasikia, kaja wodini. Lile sweta jekundu. Alikaa kitandani kwangu bila kuogopa uchafu. Saa ya dawa ikafika, nami nikatoa kwenye kikapu chupa yangu ya chai, ile yenye maua, sikuisahau hata siku ile ya mbio, kwa sababu nilikuwa nimeibeba nimpe mtoto joto kule juu. Nikamimina kwenye kifuniko. Anneth akaniwekea mkono juu ya mkono.

"Bibi, hiyo ni nini?"

"Ya kuteremshia dawa."

"Umekuwa unamteremshia kwa chai? Siku zote?"

"Kila siku. Sijakosa."

Akakishika kile kifuniko, akakinusa. Nikamwambia, daktari alisema maji yaliyochemka, na chai ni maji yaliyochemka kuliko yote, nayachemsha mpaka yanabadilika rangi. Akasema, kwa upole, andika kwa upole, "Ni kweli ni maji, bibi. Lakini yana mwenye nyumba ndani."

Akanieleza. Kwamba kwenye chai mna kitu, hakionekani, ndicho kinachokausha ulimi ukinywa nzito. Chuma kikiingia tumboni pamoja nacho kinashikwa mkono. Kinashikwa hapohapo mlangoni, kabla hakijavuka kwenda kwenye damu, halafu wanatoka wote wawili kwa njia ya choo. Na siyo chuma cha dawa tu. Cha maharage, cha mboga, hivyohivyo, kwa sababu sisi chai ni kila mlo. Nilikuwa nampa mtoto chuma kwa mkono wa kulia, wa kushoto unakipokonya, na mikono yote miwili ni yangu.

Elius alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Alikitazama kiganja chake kwa muda mrefu.

Akasema, "Mbona mimi nakunywa na nina damu?"

Anneth akamwambia wewe umeshamaliza kukua, na huko kiwandani unakula nyama na samaki, chuma cha nyama hakishikwi kirahisi. Mtoto anajenga nyumba, wewe unafagia tu. Akasema pia siyo chai peke yake, kuna minyoo ya kwenye huo udongo, kuna chakula cha aina moja, hataki mtu mmoja abebe lawama. Lakini Elius alitoka nje, akasimama kwenye mvua.

Machi 25

Nimekuwa nawaza, na leo hakuna kazi, mvua tu.

Nilimuuliza Anneth siku ile, kama chuma cha udongo na chuma cha damu ni kimoja, mbona udongo haukumponya? Kala nusu ya ukuta. Akasema chuma kimo lakini kimefungwa, tumbo halina ufunguo wake. Akasema mwili wake ulikuwa unakitafuta kwa kupapasa, kama kipofu. Unajua kuna kitu unakosa, haujui jina lake wala kinakouzwa.

Basi hili ndilo linanisumbua. Maisha yangu yote nimejua chakula ni kile kilichomo kwenye sahani. Ukikipika kimekuwa chakula, ukikimeza kimekuwa chako. Kumbe kumeza siyo mwisho. Kuna mlango mwingine ndani, na pale mlangoni ndipo inapoamuliwa hiki ni chakula au ni mzigo unaopita. Kitu kinaweza kuwemo na kisiwe chako. Na ninayemlisha ni nani? Siyo mdomo, siyo tumbo. Ni watu wadogo wasioonekana huko ndani wanaosubiri, nami nilikuwa nawafungia njia huku najisifu sijakosa siku.

Zamani nilikuwa naogopa vinavyoonekana, nyoka, mvua ya mawe, kikohozi. Sasa naogopa kila kitu kwenye sufuria. Natazama chumvi nasema wewe nawe una nini. Natazama maji.

Methodi unasema Mungu alitufinyanga kwa udongo kwa hiyo si ajabu. Sawa. Lakini alitufinyanga mara moja, na mimi kumbe nafinyanga kila siku, mara tatu, na sioni ninachokifanya. Huo ndio uoga wangu. Ungekuwa wewe unafinyanga gizani ungeogopa.

Machi 29

Dawa na maji ya uvuguvugu. Kalia. Kameza.

Aprili 3

Oliva kaja kuniuliza kama nilimpeleka. Nikamwambia nilifika kwenye mawe. Akasema ningemaliza. Nilikuwa namwamini Oliva hata zaidi ya wewe, Methodi, na leo nilimtazama nikaona naye ni mwanamke anayeogopa tu, kama mimi, ila uoga wake ameurithi na wangu naushona mwenyewe. Nilimpa ndimu mbili. Anneth kasema ndimu ikikamuliwa kwenye mboga inakisaidia chuma kuvuka. Oliva kazitazama kama nimempa mawe, lakini kazichukua.

Aprili 9

Usipa wa Masumbuko. Kila akituma nilikuwa nawapa paka, kwa hasira, nasema baba gani analeta samaki halafu mwenyewe hafiki. Na tena kwetu mtoto mdogo hapewi samaki, atakuwa mlafi. Leo nimeutwanga kwenye kinu, nimeupepeta, nimechanganya kwenye majani ya maboga na ndimu. Yule bwana alikuwa anatuma dawa na sisi tunanenepesha paka. Mwambie akipiga simu kwamba usipa umefika. Ya kumgombeza bado ninayo, lakini ngoja kidogo.

Mtoto kala matonge matatu. Hakuomba.

Aprili 13

Elius kaja bila majani. Kakaa, mikono kaificha chini ya meza. Nikamwambia mwanangu, chai siyo mchawi, tunakunywa sisi wazee saa nne, mbali na chakula, mtoto hanywi, basi. Akasema hawezi kuibeba tena. Nikamwambia damu iliyomo kwa Dainess ni yako, na wewe umelelewa kwa chai hii. Alitabasamu upande mmoja. Jumapili ijayo ni Pasaka, nimemwagiza aje na majani. Asipokuja nayo nitajua bado anajishtaki.

Aprili 20, Pasaka

Kaja nayo. Kidogo, kwenye mfuko wa sukari.

Aprili 22

Leo sikumwona mtoto kwa muda, nikaenda jikoni mbio. Alikuwa nyuma ya mafiga, amekaa anatazama shimo. Nilisimama mlangoni sikuthubutu kumwita. Alinyoosha kidole akakigusa ukutani. Akakiondoa. Akaingiza kwenye shimo gunzi la hindi, akalifunika na kitambaa, akaliambia lala.

Sijui. Naogopa kusema ni nini. Nimetangaza ushindi mara moja kwa kinyesi cha ng'ombe.

Aprili 28

Mvua imepungua, asubuhi kuna ukungu tu. Kesho tunarudi Makambako wampime damu tena. Kama imeshuka, Anneth kasema wataangalia kitu kingine, kuna magonjwa ya damu yenyewe, ambayo siyo chakula wala chai. Tangu jana nimefua nguo zake mara mbili.

Nimemtazama viganja leo, nikavigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Naona wekundu. Halafu nasema unauona kwa sababu unautaka. Wewe Methodi nimekuuliza, ukasema naona kidogo, na wewe macho yako hayaoni hata mbuzi. Tusidanganyane. Kitu chenyewe kiko ndani kule ambako mimi na wewe hatufiki, kinakubali au kinakataa, na hakitupigii kelele. Ndicho ninachokiogopa kuliko nyoka. Kama kingekuwa na sauti hata ndogo, ningeweka sikio hapa mbavuni kwake nisikie tu kimoja, kinasema tumepokea, au kinasema…

Ngoja. Ni nani anaita?

Nyamaza kidogo Methodi, kalamu yako inakwaruza.

Ni yeye. Yuko jikoni. Kasema bibi. Ngoja tena, kasema nini?

"Bibi, nina njaa."

Umesikia? Usiandike, nijibu, umesikia? Kasema mimi nina njaa, mwenyewe, kwa mdomo wake.

Anaita tena. Weka kalamu chini, naenda.